Riwaya Si Kioo, na Pwani Si Ukuta wa Kukitundika

Muulize mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu, awe wa Malindi, Ganze au Kaloleni, riwaya ni nini. Hujamaliza swali atakujibu kuwa ni kioo cha jamii. Jibu hilo hakulibuni yeye. Mwalimu aliliandika ubaoni, mwongozo ukalirudia, na mgeni rasmi akalitamka siku ya uzinduzi wa kitabu akapigiwa makofi. Limesemwa mpaka hakuna tena anayeuliza limetoka wapi, wala linatugharimu nini.

Tuwatendee haki wenye msimamo huu kabla ya kuwapinga. Hoja yao, ikipangwa vizuri, husimama hivi. Riwaya ni mgeni kwetu. Utenzi ulikuwepo, ngano zilikuwepo, riwaya ikabisha hodi baadaye, na mgeni ana wajibu wa kueleza kilichomleta. Kilichomleta ni kusema kweli: shamba lililonyakuliwa, binti aliyeozwa angali mwanafunzi, mwajiri asiyelipa, kiongozi anayekula na wenzake. Mzazi wa Magarini anayeuza mbuzi ili mtoto apate kitabu hawezi kuambiwa kwamba fedha zake zimenunua mafumbo. Tena, wanasema, uhalisia ndio uliotupa vitabu vya maana: Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979), inayotuingiza katika mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1948, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), inayovunja ukuta wa nyumba ya mkubwa tukaona yaliyomo. Mwisho huleta hoja ya ukoo: riwaya ilikomaa Ufaransa katika karne ya 19, mikononi mwa Balzac, Flaubert na Zola, na hao wote walikuwa wanauhalisia. Anayevuruga mfuatano wa wakati, anayerusha wahusika angani na kufufua wafu, huyo amekimbia kazi. Anawaandikia maprofesa.

Huo ndio msimamo, bila chumvi yangu. Una sura ya busara na unajali maskini, na ndiyo maana umedumu. Lakini ukiuchambua kipande kwa kipande, hakibaki kipande kilichosimama.

1. Kioo kilisafirishwa, mbebaji akaachwa

Mfano wa kioo ulipata umaarufu kupitia Stendhal, katika riwaya yake Le Rouge et le Noir ya mwaka 1830. Humo msimulizi anaifananisha riwaya na kioo kinachobebwa barabarani. Mara kinaonyesha mbingu, mara kinaonyesha matope ya njiani, na msimulizi anauliza kwa nini alaumiwe mwenye kioo badala ya mkaguzi wa barabara aliyeacha maji yatuame.

Tazama mambo mawili ambayo wakariri wetu wameyaruka. La kwanza, kauli hiyo ni utetezi. Stendhal anajua kuwa wasomaji waungwana watachukia anayowasimulia, basi anajifanya hana kosa, yeye ni mbebaji tu. Ni maneno ya mtu mjanja anayejitetea kabla hajashtakiwa. Sisi tumeuchukua utetezi wa mshtakiwa tukaufanya sheria ya nchi.

La pili, kioo cha Stendhal kinatembea. Kuna mtu amekibeba. Huyo ndiye aliyechagua barabara, akaamua kukiinamisha au kukiinua, na akajua pa kusimama. Chetu kimetundikwa ukutani, na tunadai kuwa jamii hupita mbele yake yenyewe. Stendhal hakufanya hivyo. Alianza na kesi ya kweli, ya kijana Antoine Berthet aliyempiga risasi kanisani mwanamke aliyekuwa mke wa mwajiri wake, kesi iliyosikizwa mwaka 1827. Magazeti yalikwisha kuiripoti. Kama kazi ya riwaya ni kuakisi, basi kazi ilikuwa imekwisha. Stendhal alichukua habari ya kurasa chache akaizungushia tamaa, kiburi na aibu ya kizazi kizima, kwa kitabu kinene. Unene huo wote haukutoka kwenye kesi.

2. Mababu wa uhalisia wanawakana wajukuu

Tumchukue Flaubert, kwa kuwa ndiye anayetajwa kwa sauti ya juu zaidi. Kisa cha Madame Bovary kingetosha aya tatu za gazeti: Emma, mke wa daktari wa mashambani, anachoka na ndoa, anapata wapenzi, anazama kwenye madeni, anakula sumu. Flaubert alianza kukiandika Septemba 1851 akakimaliza mwaka 1856. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta nini? Uhalisia alikwisha kuwa nao. Alikulia Rouen, mwana wa daktari, na aliijua mikoa ile. Alikuwa akitafuta sentensi. Alizisoma kwa kupaaza sauti katika nyumba yake ya Croisset, akazikata, akaziunga, akazikataa. Mwaka 1852 alimwandikia mpenzi wake Louise Colet kwamba alitamani kuandika kitabu kisichohusu jambo lolote, kitabu kitakachosimama kwa nguvu ya mtindo wake pekee. Babu wa uhalisia aliota kitabu kisicho na maudhui! Mtahini wetu wa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE angempa sufuri, na chini yake angeandika kwa wino mwekundu: "hakuzingatia swali."

Kitabu kilipotoka, serikali ilimshtaki. Mapema mwaka 1857 mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alisimama mahakamani akalalamika kwamba ndani ya riwaya ile hakuna mhusika hata mmoja mwenye haki ya kumhukumu Emma. Yaani alitafuta funzo, hakuliona. Pinard alisoma kama miongozo yetu inavyosoma: akafungua kitabu kama anafungua jalada la polisi, akadai dhamira zipangwe na mhalifu aadhibiwe kwa lugha iliyo wazi. Na kilichomsumbua hakikuwa uzinzi. Wazinzi walijaa katika riwaya za Paris. Kilichomsumbua kilikuwa mbinu: usimulizi wa Flaubert huingia kichwani mwa Emma bila kubisha, ukasema mawazo yake kana kwamba ni ya msimulizi, mpaka msomaji hajui ni nani anayesema na nani anayesifu dhambi. Flaubert alipelekwa kortini na usanii wake. Aliachiliwa. Sisi tungali tunamhukumu.

Zola je? Huyu ndiye angefaa kuwa mkaguzi wa jamii, maana alipenda kujiita mwanasayansi wa riwaya. Februari 1884 alikwenda Anzin, kaskazini mwa Ufaransa, wachimba makaa wakiwa mgomoni. Aliteremka shimoni, akauliza, akajaza karatasi. Mwaka uliofuata akatoa Germinal. Humo mgodi umekuwa mnyama aliyejikunyata gizani, anayemeza watu kila alfajiri kwa mafungu. Mji una jina la kubuni. Matukio yamerudishwa nyuma takriban miaka 20, katika utawala uliokwisha kuanguka. Shahidi aliyebadilisha jina la mji, mwaka wa tukio na hata jinsi ya mgodi yenyewe hawezi kuapishwa katika mahakama yoyote. Lakini nani ameijua njaa ya wachimba makaa kwa kusoma ripoti kuliko kwa kumsoma Zola?

Na Maupassant alimaliza ubishi wakati huo huo, katika utangulizi wa Pierre et Jean (1888). Alisema wanauhalisia wenye kipawa wangestahili kuitwa watu wa kiinimacho, kwa sababu kazi yao ni kumfanya msomaji aamini, na kumfanya mtu aamini ni ufundi. Tulipouagiza uhalisia kutoka Ufaransa, inaonekana karatasi ya maelekezo ilipotelea bandarini.

3. Vitabu vyao wenyewe vinawaumbua

Acha Ufaransa. Tuje kwenye orodha ya vitabu vya mtihani wa KCSE, ambako kioo kinaabudiwa kila mwaka. Angalia riwaya tatu zilizofuatana katika orodha hiyo. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora iko Sokomoko, katika nchi ya Tomoko. Chozi la Heri ya Assumpta Matei iko Wahafidhina. Nguu za Jadi ya Clara Momanyi iko Matuo. Nionyeshe kwenye ramani. Panda matatu ya kwenda Tomoko kutoka stendi ya Malindi, kisha unipigie simu ukifika.

Katika Kidagaa mtawala anaitwa Mtemi Nasaba Bora, mwalimu mwenye majivuno anaitwa Majisifu, na kijana mpole anaitwa Amani, ambaye kwa bahati anakutana na msichana anayeitwa Imani. Ni kijiji gani Kenya ambacho wazazi huwapa watoto majina kulingana na dhambi watakazotenda ukubwani? Majisifu ameiba mswada wa Amani akauchapisha kwa jina lake, na mswada huo una jina lile lile la kitabu ulichoshika mkononi. Riwaya imo ndani ya riwaya. Huu ni mchezo wa kisanii waziwazi, na Walibora aliucheza akijua anachofanya.

Lakini darasani hayo hupewa majina yaliyokauka. "Majazi," alama moja. "Sadfa," alama moja. Kisha tunarudi kwenye kioo na kuandika insha ya kurasa mbili kuhusu ufisadi. Hakuna anayeona mgongano: tunawaambia watoto kitabu kinaakisi jamii, halafu tunawataka waorodheshe mambo kumi yasiyopatikana katika jamii yoyote. Mbinu zimehesabiwa, hazikusomwa.

4. Pwani hii haienei kiooni

Wanasema mambo ya ajabu si uhalisia wetu. Nani "sisi" hao? Si watu wa Kilifi.

Mtu wa Nairobi akisoma riwaya yenye chombo cha angani ataambiwa kuwa hizo ni ndoto za Wazungu. Amwulize mzee yeyote wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kuanzia mwaka 1967 Waitaliano walirusha roketi kutoka kwenye majukwaa ya San Marco, yaliyosimama kwa miguu ya chuma ndani ya bahari. Walipachagua kwa kuwa pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure kuelekea mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, ikapewa jina la Uhuru. Chini yake wavuvi walikuwa wakingojea kaskazi na kusi zisukume matanga ya madau yao. Andika hayo katika riwaya bila kutaja mahali, na mhariri atakurudishia mswada: "haya hayaaminiki."

Mambo mengine si ya kuchekea. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ilianza kufukuliwa miili ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Mwokozi. Ilipita 400, wakiwemo watoto wengi. Kama mwandishi wa Malindi angeandika hivyo mwaka 2021, wahakiki wa kioo wangemwambia ametia chuku, na kwamba jamii yetu haiko hivyo. Jamii ilikuwa hivyo tayari, na kioo hakikuonyesha chochote, kwa sababu kioo huonyesha kilicho mbele yake na kinachokubali kuonekana.

Au wachukue wazee wanaouawa kwa tuhuma za uchawi katika vijiji vya Kilifi, hata ikabidi pawepo na makimbilio kama Kaya Godoma kule Ganze. Ripoti ya polisi itaandika panga, jeraha na mshukiwa. Mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba na warithi wasio na subira. Lakini je, kijana anayemwua babu yake kwa ajili ya ekari tatu anaamini kweli kuwa mzee ni mchawi, au anajifanya kuamini, au ameanza kwa kujifanya akaishia kuamini? Swali hilo ndilo kiini cha uovu wenyewe, na hakuna kioo kinachofika hapo. Kinachofika ni sentensi ya aina ile ya Flaubert, inayoingia kichwani mwa muuaji bila kubisha na isimhukumu haraka.

Na ardhi yenyewe? Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wathibitishe umiliki wao kwa karatasi. Wamijikenda wengi, waliokuwa na mashamba, minazi na makaburi ya babu zao lakini hawakuwa na karatasi, wakageuka maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Hati ile ilikuwa kazi ya kubuni: ilieleza dunia isiyokuwepo, kwa lugha teule, ikatiwa muhuri, na dunia iliyokuwepo ikalazimishwa kuifuata. Waliotutawala hawakutundika vioo. Walijua kuandika.

5. Mwana wa Ribe aliyekuwa na takwimu zote

Hoja ya kwamba usanii ni ukimbizi inaanguka vibaya zaidi hapa hapa Kilifi, mbele ya Katama Mkangi.

Mkangi alizaliwa Ribe. Alikuwa mwanasosholojia, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1983 alichapisha kwa Kiingereza utafiti kuhusu mageuzi ya ardhi na ukubwa wa familia Utaita. Huyu hakukosa data. Mahojiano, hesabu za kaya, mipaka ya mashamba, vyote vilikuwa kazi yake ya mchana. Na uhalisia wa riwaya aliujua pia: alianza na Ukiwa (1975), hadithi ya mapenzi isiyoruka mbali na ardhi. Akaja na Mafuta (1984), iliyojaa kejeli na mafumbo. Mwaka 1986 serikali ya Moi ikamweka kizuizini bila kumfungulia mashtaka. Mwaka 1995 akatoa Walenisi.

Kwa kanuni ya kioo, mtu aliyetoka kizuizini ana kitabu kimoja tu cha kuandika: chumba, ndoo, mlinzi, siku zinazohesabiwa ukutani. Mkangi alikuwa na haki ya kukiandika kuliko wengi. Badala yake alimwandika Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa kwa kutiwa ndani ya chombo cha angani kitakachompeleka asirudi. Dzombo anajifunza kukiendesha chombo hicho. Anatua katika nchi ambayo watu wamepanga maisha yao bila mabwana, na msomaji anaanza kuona kwao kupitia nchi hiyo, asilipende analoliona.

Sasa niambieni nani alikimbia. Riwaya ya chumba na ndoo ingetuambia tulichokijua: serikali inafunga watu. Walenisi inasema jambo ambalo hakuna ripoti ya haki za binadamu ingeweza kulisema, kwamba mtambo uliotengenezwa kukuangamiza una usukani, na usukani unaweza kushikwa. Hiyo ni hoja ya kisiasa, na imo ndani ya umbo la hadithi. Ukitoa chombo cha angani umeitoa hoja. Mwandishi wake hakuishia vitabuni. Mwaka 1997 aligombea urais wa Kenya. Ukimbizi wa ajabu huo, unaomfikisha mkimbizi kwenye debe la kura.

Na si yeye peke yake. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika (1971) kwa uhalisia uliowachoma watu hata riwaya hiyo ikaondolewa mashuleni Tanzania. Miaka 20 baadaye alikuwa kwenye Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambako wakati na mahali vimevunjwavunjwa. Said Ahmed Mohamed, yule yule wa Utengano, alimfufua babu katika Babu Alipofufuka (2001) ili aje kumwaibisha mjukuu aliyeshiba. Mafundi watatu wa uhalisia, wa nchi mbili, waliuacha baada ya kuuweza. Wanaoitetea kanuni ya kioo wana deni la kutueleza sababu. Mpaka leo hawajalipa, wamebaki kusema vitabu hivyo ni vigumu.

6. "Msomaji wa kawaida hataelewa"

Hii ndiyo ngome yao ya mwisho, na inajidai huruma. Kwa kweli ni dharau.

Msomaji wa kawaida wa Pwani amekulia "paukwa" na "pakawa", itikio linalomtangazia kabla ya yote kwamba anayoyasikia ni ya kutungwa. Hajawahi kumwuliza bibi yake sungura alijifunzia wapi kusema. Vizazi vya wanafunzi vilisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), ambamo ndugu wawili wanageuzwa manyani, na Kusadikika (1951), nchi inayoelea angani, ambayo watu waliitambua haraka kuwa ni ile iliyokuwa chini ya miguu yao. Waliosoma hayo hawakuwa maprofesa.

Tena Wagiriama walikwisha kulijibu swali hili kwa mti. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango: ubao mrefu wima, michongo ya pembetatu, kichwa ambacho aghalabu ni duara bapa. Hakifanani na marehemu hata kidogo, na hakuna anayedai kifanane. Lakini kikishasimikwa ni yeye. Huambiwa habari za nyumbani, hutambikiwa, hakihamishwi. Kwa miaka mingi vigango viliibwa vikauzwa Marekani, na makumbusho ya Denver pekee yalikubali kurudisha 30. Wanunuzi wale waliuona usanii wasimwone mtu. Wahakiki wetu humwona mtu wasiuone usanii. Ni upofu ule ule, umegawanywa nusu kwa nusu.

7. Bili ya kioo

Kanuni hii ina gharama, na wanaozilipa si walioitunga.

Analipa mwandishi. Kijana wa Kilifi mwenye mswada anajua kuwa kitabu kisichoingia shuleni hakiuziki, na kitabu hakiingii shuleni kama hakina matatizo ya jamii yaliyo tayari kuorodheshwa. Kwa hiyo anaandika kwa orodha: sura ya kwanza mimba, sura ya pili ukimwi, sura ya tatu dawa za kulevya, sura ya nne hongo, sura ya mwisho mkutano wa hadhara ambapo chifu anahutubia na wahusika wote wanatubu. Tunaita hiyo riwaya. Ni kumbukumbu za warsha, ila warsha ilikuwa na chai.

Inalipa lugha, na hapa unafiki ni mkubwa kuliko popote. Nenda Malindi mjini usikilize. Shela wana Kiswahili chao, soko lina Kigiriama, na ufukweni Watamu vijana wanapatana bei kwa Kiitaliano walichojifunza bila kuingia darasa. Sasa fungua riwaya ya "kihalisia" ya Pwani: mgema wa Ganze, karani wa Nairobi na mwuza shanga wa Watamu wote wanasema kama msomaji wa taarifa ya habari ya saa moja. Kioo hiki kinaakisi kila kitu isipokuwa vinywa vya watu. Ukimletea mhariri mgema anayesema kama mgema, atamsahihisha. Uhalisia unadaiwa kwenye dhiki tu. Kwenye sauti unapigwa marufuku.

Analipa msomaji. Amefundishwa kuwa kitabu kina funzo ndani yake na kazi yake ni kulitoa. Akishalitoa hana tena haja na kitabu. Ndiyo maana Wakenya wengi waliofaulu karatasi ya tatu hawajafungua riwaya nyingine ya Kiswahili tangu siku waliyoweka kalamu chini.

Na inalipa jamii yenyewe, ile inayodaiwa kutumikiwa. Kioo kinaweza tu kukuonyesha ulivyo leo. Ukimwonyesha skwota uskwota wake, na mwakani tena, na mwaka wa tatu tena, hujamzindua, umemzoeza. Anayefaidika na mazoea hayo hakai katika kibanda cha maskwota.

Kuli haitatupwa kwa sababu ya haya niliyosema. Nasema kuwa hata Kuli haikuandikwa na mgomo. Iliandikwa na Shafi Adam Shafi, aliyeamua kwamba tutaufikia mgomo kupitia Rashidi, mtoto wa kuli, tangu umaskini wa nyumbani kwao, na siyo kupitia faili la mkuu wa bandari. Uamuzi huo ndio riwaya. Mtunzi wa mtihani anayeuliza "eleza dhiki za makuli" bila kuuliza kwa nini tumeanzia nyumbani kwa Rashidi hajasoma Kuli; amesoma mgomo wa 1948, na wanahistoria wangemweleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Kiswahili wa kaunti hii, kwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na kwa yeyote mwenye neno katika uteuzi wa vitabu. Mwana wa Ribe ametuachia riwaya tatu: Ukiwa, Mafuta na Walenisi. Wekeni nakala zake katika maktaba za shule, muwape vijana wazisome kwa mpangilio zilivyotoka, bila mwongozo, kisha muwaulize ni ipi kati ya hizo tatu iliyosema kweli zaidi kuhusu Kenya, na imefanyaje.